Padre Asiye na Kibali

Bi Thơm alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki duniani, na mtoto huyo alikuwa amemtia aibu. Wakubwa zake wawili walikwisha kwenda, mmoja kwa njaa ya mwaka ule mbaya, mwingine kwa vita. Huyu wa mwisho, Thuyên, aliingia seminari akiwa bado mdogo, na siku ile mama mtu alitembea kijiji kizima cha Thượng Lãng akitafuna tambuu na kupokea pongezi kama bibi arusi. Kisha serikali ikafunga seminari. Vijana wote wakarudishwa makwao wakashike majembe. Wenzake Thuyên walioa, wakazaa, wakasahau Kilatini. Yeye hakuoa wala hakuwa padre. Akawa fundi seremala wa ushirika, akitengeneza plau na madau ya kubebea mpunga, na nywele zikaanza kumtoka juu ya kichwa.

"Mungu hakukutaka," mama yake alizoea kumwambia wakila, "na wanawake nao hawakukutaka. Sasa wewe ni wa nani?"

Thuyên aliinamia bakuli lake la wali uliochanganywa na viazi vitamu, akaendelea kula.

Jambo ambalo Bi Thơm hakulijua ni kwamba mwanawe alikuwa padre tayari. Miaka kadhaa nyuma aliitwa kwenda kutengeneza kitanda cha askofu, ambaye wakati huo alikuwa hatoki nje ya nyumba yake na langoni aliwekewa askari. Thuyên alipita langoni na msumeno na randa, askari akamkagua kikapu, akamruhusu. Ndani aliwakuta wanaume wengine wawili, mmoja kaja kuziba paa, mwingine kaleta kuni. Askofu alifunga mlango wa chumba cha kulala. Wakalala kifudifudi sakafuni, kwenye vumbi la mbao, askofu akawawekea mikono mmoja mmoja huku redio ikiimba kwa sauti kubwa dirishani. Kabla hawajatoka aliwaambia, "Msimwambie mtu. Hata mama zenu. Hasa mama zenu." Akawaeleza kwamba serikali ikimpata mmoja itavuta mpaka iwapate wote, na yeye pamoja nao. Wakae kimya kama walivyokaa siku zote, mpaka hali ibadilike. Ila mtu akiwa anakufa na hakuna padre mwingine, hapo wasingoje kuambiwa na yeyote.

Sheria ilikuwa wazi. Hakuna mtu kupewa upadre bila serikali kukubali, na serikali haikuwa ikikubali. Padre aliyekuwepo alikuwa na parokia yake, na hakutia mguu nje ya mipaka yake bila kibali cha wilaya. Kanisa la Thượng Lãng lilikuwa limejaa mpunga wa ushirika. Watu walisali majumbani, na padre wao wa karibu, Padre Kính, alikuwa ng'ambo ya mto.

Basi majira ya baridi, siku ya manyunyu yasiyokatika, Bi Thơm alianguka penye ngazi za bwawa akiosha mboga. Wakambeba mpaka ndani. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, pumzi zikimtoka kwa shida, lakini ulimi ulikuwa wake bado.

"Niletee padre," alimwambia mwanawe. "Sitaki daktari wa kata, sitaki sindano. Padre."

Thuyên alimtazama mama yake mdogo, Lụa, aliyekuwa akimfunika dada yake blanketi. Lụa akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi nipo hapa."

Akachukua baiskeli. Njia ya tuta ilikuwa tope tupu na kivuko kilichelewa, akafika kwa Padre Kính ameloa hadi mifupani. Mzee huyo alikuwa akiota moto wa makapi ya mpunga jikoni kwake. Aliposikia habari, alifumba macho.

"Kibali nimeomba tangu juma lililopita, kwa mgonjwa mwingine," alisema. "Afisa yuko mkutanoni. Wanasema nirudi kesho kutwa. Yule mgonjwa tumeshamzika."

"Padre, mama yangu hatafika kesho kutwa."

"Najua."

"Si ni mwendo wa kivuko tu? Tukienda na kurudi upesi—"

"Nikishuka upande ule tu, jioni watakuwa hapa. Watafunga kanisa hili nalo, walitie mpunga. Watu wa vijiji vyote hivi wasali wapi?" Padre Kính aliokota kijiti akachokonoa moto. Halafu akainua uso na kumkazia macho. "Na wewe, unanifuata mimi wa nini?"

 Thuyên hakujua kama mzee anajua, au anabahatisha.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukitengeneza vitanda," alisema Padre Kính. "Nani unadhani alimwambia askofu kwamba kitanda chake kibovu? Nenda nyumbani kwa mama yako."

Akarudi. Kivukoni, akiwa amesimama na baiskeli yake kati ya akina mama wenye vikapu vya bata, alijaribu kusali, lakini kila aliposhika neno lilimponyoka, akabaki kumfikiria yule mleta kuni na yule mziba paa. Mmoja alikuwa na mama mzee kama wake. Walikuwa hawajaonana tangu siku ile, hata majina yao kamili hakutaka kuyajua. Kosa lake moja lingewafikia wote wawili wakiwa mashambani mwao, hawana habari.

Nyumbani alikuta baiskeli ya polisi imeegemezwa kwenye mpopoo wa uani.

Ndani, kwenye benchi karibu na kitanda cha mama yake, alikuwa ameketi Khoát, askari wa usalama wa kata. Kofia kaiweka gotini. Walikuwa wa rika moja. Utotoni walitumikia Misa pamoja, Khoát akishika chetezo, Thuyên akishika kengele, na Khoát ndiye aliyekuwa hodari wa Kilatini. Baadaye aliingia jeshini, akaingia chamani, na kanisani hakukanyaga tena.

"Pole, bwana Thuyên," alisema. "Nimesikia mama anaumwa. Nimemletea sukari kidogo."

"Ahsante, ndugu Khoát."

"Umetoka ng'ambo?"

"Nimetoka kwa Padre Kính. Hana kibali."

"Utaratibu ni utaratibu." Khoát alisema bila kebehi. "Akikipata atakuja."

Wala hakuinuka. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa mikekani wakiimba rozari kwa ile sauti ya kupanda na kushuka, na yeye alikaa kati yao akinywa chai, mtulivu, kama mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo. Lụa alimvuta Thuyên mlangoni.

"Yuko hapa tangu ulipoondoka," alinong'ona. "Kwa mzee Đĩnh naye alikaa hivihivi mpaka mzee akakata roho. Wamesikia kuna mapadre wa mafichoni. Wanawavizia kwa wagonjwa."

Kutoka kitandani Bi Thơm aliita. "Amekuja?"

"Bado, mama. Amenyimwa kibali."

Bi Thơm aligeuza uso ukutani. Kisha akasema kwa wote waliokuwamo.

"Nimezaa watoto watatu. Mmoja nilimtoa kwa Mungu, Mungu akamrudisha. Angemaliza masomo yake huyu, leo ningekuwa na padre wangu mwenyewe humu ndani. Sasa nitakufa kama kuku."

Wanawake waliinamisha vichwa. Thuyên alisimama mikono imening'inia. Alihisi macho ya Khoát yamemkaa usoni, yanasubiri uso huo ufanye kitu. Akachukua bakuli la maji akatoka nalo nje, akamwaga maji yaliyokuwa hayana haja ya kumwagwa.

Alasiri hali ikabadilika. Pumzi za mama zikawa fupi, na miguu ikaanza kupoa kuanzia vidoleni. Lụa alimpima mpigo wa damu shingoni, akamtazama Thuyên, akatikisa kichwa.

Thuyên akaenda jikoni. Alitaka kujua kama ataweza, na alipofika pale alijua kwamba ataweza na kwamba anaogopa, vyote kwa pamoja. Juu ya rafu kulikuwa na kichupa cha mafuta ya karanga, yale ya mgao, ambayo Bi Thơm alikuwa akiyabania mpaka mwaka mpya. Alimimina kidogo katika kikombe cha chai. Akageukia majivu ya jiko, akasema sala kwa midomo tu, akanyoosha mkono juu ya kikombe, akachora msalaba.

Alipogeuka, Lụa alikuwa mlangoni.

 Alisimama akitazama kikombe, kisha ule mkono, kisha uso wa mtoto ambaye yeye alimsaidia dada yake kumlea. Akashika mwimo wa mlango.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mamdogo, si sasa."

Lụa alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Akavuta pumzi. "Haya. Nitawaambia waimbe kwa nguvu."

Akatangulia kuingia, akapiga magoti mbele ya wanawake wote, akaanza rozari upya kwa sauti ambayo ingevuka shamba. Wenzake wakashangaa kidogo, wakamfuata. Nyumba nzima ikajaa Salamu Maria.

Thuyên aliketi ukingoni mwa kitanda, mgongo akimpa Khoát. "Mama, baridi imekuingia," alisema ili asikike. "Nakukanda na mafuta." Kisha akamwinamia kabisa, mdomo wake sikioni pake. "Mama. Ungama. Mimi ni padre."

Bi Thơm alifumbua macho. Yalikuwa makali.

"Usinidhihaki nikiwa nakufa," alisema kwa sauti ya chini.

"Siku ile niliyokwenda kutengeneza kitanda cha askofu. Ndiyo siku hiyo."

Akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, sala zikipanda na kushuka, na Thuyên aliona jinsi mama yake anavyoirudia siku ile, jinsi mwanawe alivyorudi nyumbani jioni bila kusema neno, na mama akamgombeza kwamba ameingia nyumbani kwa askofu na hata baraka moja hakumwombea.  Akatoa mkono wake mzima kutoka chini ya blanketi, akashika kola ya shati la mwanawe, akamvuta sikio karibu, akaanza.

Aliyoyasema yalibaki kati yao. Ila yalikuwa mengi. Bi Thơm hakuwa mtu wa kufupisha jambo, hata hilo. Fungu la tano la rozari likafika mwishoni, wanawake wakanyamaza kidogo kupumua, na yeye alikuwa bado katikati. Lụa, bila kugeuza kichwa, akaanza tena fungu la kwanza.

"Mbona mnarudia?" aliuliza Khoát.

"Tumekosea hesabu," Lụa alijibu, akaendelea.

Khoát akaweka kikombe chini.

Thuyên alisikia benchi linalia nyuma yake. Akasema maneno ya maondoleo ya dhambi upesi lakini yote, asiache hata moja. Kisha akachovya kidole gumba, akampaka mama yake kwenye paji la uso, akageuza kiganja kimoja akakipaka, na kile kilichokufa nacho akakipaka. Kisha, kwa sababu ya watu, akamsugua mabega na miguu kama wanavyosuguliwa wenye baridi. Kivuli cha Khoát kiliangukia blanketi. Alikuwa amesimama nyuma yake, hatua moja tu.

Hapo ndipo Bi Thơm alipojisahau. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa msichana, akamtazama mwanawe, na kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo, akasema, "Baba. Nibariki, Baba."

Sala zikakatika. Kila mwanamke mle ndani aligeuza kichwa.

"Anamwona marehemu baba yetu," alisema Lụa. "Tangu asubuhi anamwita."

 Khoát alikuwa akitazama kidole gumba cha Thuyên kinavyong'aa kwa mafuta.

"Mama anaomba baraka," alisema taratibu. "Mbona humpi?"

Thuyên hakuweza kugeuka. Akibariki, amekwisha, na waliopewa upadre pamoja naye wamekwisha. Asipobariki, mama yake atakufa akiwa ameomba neno moja kwa padre wake na kunyimwa. Aliuona mkono wake juu ya blanketi, na alijua kwamba utainuka. Kweli ulianza kuinuka.

Lakini Bi Thơm aliushika. Aliushika kwa nguvu akaukandamiza chini, na macho yake yakamvuka mwanawe yakaenda kwa yule aliyesimama nyuma.

"Khoát," alisema. "Ndiye wewe? Mimi nazungumza na baba yangu, wewe unanitajia huyu? Huyu wa kumbariki nani? Randa tu inamshinda. Muulize plau ya mama Sửu, imevunjika siku ileile aliyoitengeneza."

Mwanamke mmoja alicheka kwa pua bila kukusudia, akajiziba mdomo. Khoát alibaki amesimama. Kisha akarudi benchini polepole, na Lụa akaanza fungu la pili.

Thuyên aliuhisi mkono wa mama yake unalegea juu ya wake. Akakumbuka kwamba mtu huyu ametoka tu kuungama, naye ameshasema uongo mzito mbele ya mashahidi, na hakuwa na nguvu za kuungama tena. Akasema maondoleo mara ya pili, moyoni, bila kutikisa mdomo. Bi Thơm alifariki kabla taa hazijawashwa.

Walimzika kwa sala za watu, bila padre, kama walivyozikwa wengi.

Baada ya mazishi Khoát alikuja karakanani. Thuyên alikuwa akiranda ubao wa dau. Mgeni alifunga mlango, akakalia gogo, akasokota sigara.

"Mimi nilitumikia altare kabla yako," alisema. "Nimebeba mafuta yale kwa wagonjwa mara nyingi. Najua mtu anapakwa wapi."

Randa iliendelea.

"Nani aliyekupa daraja la upadre?"

"Sijui unasema nini, ndugu Khoát."

"Yule askofu mzee aliyefungiwa nyumbani kwake, si ndiye? Na uko na nani mwingine?" Alingoja. Thuyên alipuliza vumbi la mbao, akapima ubao kwa jicho. "Haya, usiseme. Nikiandika taarifa, wataniuliza jambo moja. Ndugu Khoát, wewe ulikuwapo, ulikuwa umesimama pale pale, mbona hukumkamata? Nitawajibu nini? Kwamba bibi kizee anayekufa alinifukuza?"

"Mbona hukunikamata?"

Khoát alivuta moshi, akautoa. Swali hilo lilimkera, ilionekana. "Nina watoto watano," alisema mwishowe. "Nisisikie tena. Sikuombi, nakuambia. Siku nyingine sitaangalia ni mama wa nani."

Akaondoka na baiskeli yake. Thuyên alikaa chini kwenye gogo lile lile.

Wanawake waliokuwapo siku ile hawakusema lolote. Lakini mwaka mpya ulipopita, mama Sửu alikuja karakanani, akasimama akikunja na kukunjua kofia yake ya majani.

"Baba mkwe wangu anakwenda," alisema. "Wanasema unajua kukanda kwa mafuta."

"Nani wanasema?"

"Watu tu." Hakumtazama usoni. "Ana mengi kifuani, yule mzee. Alipigana upande wa Wafaransa, mambo hayo hajamwambia mtu. Ningekuomba uje umkande."

Thuyên aliweka randa chini, akanawa mikono.

Tangu hapo walikuja wengine, hata kutoka vijiji vya mbali, na wote waliomba jambo hilohilo kwa maneno hayohayo, nyuso kavu, hata watoto wakajifunza kusema kwamba fundi amekwenda kukanda. Aliogopa kila mara. Kila nyumba aliyoingia alitazama kwanza kama kuna baiskeli uani. Askofu alifariki mwaka uliofuata, na Thuyên, pamoja na majonzi yake, alijua kwamba uzi mmoja sasa hauwezi kuvutwa tena.

Alikamatwa wakati wa mavuno, mchana, nyumbani kwa mvuvi wa kaa kando ya tuta. Khoát aliingia na vijana wawili wa wilaya. Mgonjwa alikuwa bado anahema, maungamo yake nusu.

"Nilikuambia," alisema Khoát.

"Uliniambia. Ngoja nimalize."

Vijana wa wilaya walimtazama mkubwa wao. Khoát alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, mvuvi akikoroma kitandani. Kisha akawaambia wale vijana, "Tukae nje. Hakimbii huyu, ana umri wangu." Wakakaa kwenye ukingo wa tuta wakavuta sigara mpaka Thuyên alipotoka mwenyewe, akiwa na shati lake mkononi, akawafuata.

Wilayani walimuuliza ni nani na nani wengine. Waliuliza kwa chai, wakauliza kwa njaa, wakauliza kwa kumnyima usingizi. Kati ya waliokuwa katika chumba kile alikuwa na jina moja tu la kuwapa, la askofu, na mwenye jina hilo alikuwa kaburini. Wakampeleka milimani kwenye kambi ya kufunzwa upya, akakata mianzi huko miaka mingi. Aliyeziba paa na aliyeleta kuni hawakuguswa. Watu wa ng'ambo walisikia kwamba kuna mtu mwingine anayejua kukanda.

Thuyên aliporudi Thượng Lãng alikuwa hana nywele hata moja na sikio moja lilikuwa halisikii. Lụa, mzee sasa, alimkalisha jikoni, akampa bakuli la uji wa mchele na kipande cha samaki, akamkagua mikono upande na upande, akaona vidole vyote vipo. Akamwambia kwamba binti ya mama Sửu yuko uani tangu alfajiri, kuna mgonjwa upande wa pili wa mfereji.

"Amesema haina haraka sana," alisema Lụa. "Kula kwanza."